Mwavuli Upande wa Asubuhi

Mpelelezi akiingia mahali, mazungumzo hutoka. Inspekta alikuwa ameshazoea. Aliposhuka garini na kuanza kupanda njia ya malundo, wanawake waliokuwa wakitaniana mtaroni walinyamaza, wanaume wakainamia makarai yao, na redio iliyokuwa ikiimba nyuma ya vifusi ikazimwa. Kilichobaki ni karasha kule bondeni, likisaga mawe, na viatu vya Koplo vikilia nyuma yake kwenye tope la mvua ya juzi.

Malundo yenyewe yalikuwa ya kijivu, marefu kuliko nyumba, moja nyuma ya jingine hadi macho yachoke. Mgodi ulifungwa zamani. Mashine ziliondoka, wenye mashine wakaondoka, ukabaki mchanga uliokwisha kusagwa na kuoshwa, ambao watu wa hapo huuita marudio. Lakini mashine za enzi hizo zilikuwa zembe. Zilikamata dhahabu na kuitema nyingine, na kadiri lundo lilivyo la kale ndivyo linavyoficha zaidi. Kwa hiyo watu hurudi kuosha kilichooshwa. Ni kuokota makombo ya mtu aliyekwisha shiba akaenda zake, na hayo makombo nayo yana ugomvi wake, usione hivi.

Juzi jioni mtu alikutwa amekufa hapo. Malundoni walimwita Chembe, kwa subira yake ya kutafuta chembe moja mahali ambapo wengine wangeona mchanga mtupu. Ilikuwa siku ya mnunuzi, na alasiri wote walikuwa wameshuka bondeni kwenye mizani. Mvua ilipoanza walipanda mbio kuja kufunika vitu vyao, wakamkuta shemeji yake, mjane wa kaka yake, amemkumbatia huku akipiga mayowe. Kisogo cha Chembe kilikuwa kimepasuka. Na jioni ya kabla yake, wawili hao waligombana mbele ya kila mtu juu ya jiwe la mpaka, shemeji akatamka kwa kinywa chake mwenyewe, "Bora ungekufa wewe, akabaki kaka yako."

Ulimi hauna mfupa, lakini huweza kumfunga mtu. Mkuu wa kituo hakuona sababu ya kujichosha.

"Mashahidi wote wanasema Chembe alikuwa kazini tangu asubuhi," alimwambia Inspekta. "Alasiri wote wakashuka, wakabaki yeye na huyo mwanamke. Wewe unataka nini zaidi? Muujiza?"

"Nataka ripoti ya daktari."

"Daktari yuko safarini. Kesho asubuhi huyu mama anakwenda kwa hakimu, na kutoka hapo gereza la mbali. Una leo tu. Ukirudi mikono mitupu, nafunga faili."

Kabla ya kuondoka, Inspekta alikuwa amekwenda mahabusu. Shemeji alikuwa amekaa kwenye kona ya sakafu, mikono mapajani, mwanamke wa makamo mwenye viganja vilivyopasuka kwa maji ya mtaroni. Asubuhi ya siku ile, alisema, alikuwa zahanati kwa ajili ya mguu wake. Nesi anaweza kuulizwa. Alirudi alasiri. Alimkuta Chembe kwenye karai.

"Ukafanya nini?"

"Niliongea naye."

"Akasemaje?"

"Hakunijibu." Akageuza uso ukutani. "Andikeni mnavyotaka, mwanangu. Kama amenikatalia yeye, ninyi mtanisaidia nini?"



*

Mwenyekiti wa malundo aliwapokea kwenye ofisi yake ya mabati. Alikuwa mtu mnene mwenye sauti ya upole, na alifuta kiti kwa kitambaa kabla ya kumpa mgeni. Ofisi ilikuwa safi: meza, benchi, toroli limesimamishwa ukutani, na pembeni ndoo ya chokaa yenye brashi iliyozama hadi shingoni.

"Pole na safari, Inspekta. Pole na msiba pia, maana huu ni msiba wa wote. Chembe alikuwa mtu wetu."

"Mara ya mwisho kumwona akiwa hai ni lini?"

"Jua lilipokuwa utosini. Nilikuwa nikishuka kwenda kwenye mizani. Nikapita pale kwake, nikamwambia pole na kazi. Akaniambia, ahsante Mwenyekiti, leo kuna dalili njema." Akatikisa kichwa kwa huzuni. "Dalili njema! Binadamu hajui la mbele yake."

"Baada ya hapo?"

"Baada ya hapo nilikuwa bondeni mpaka mvua. Waulize watu wote, walikuwa nami."

"Na ugomvi wa jiwe?"

"Shemeji mtu alidai Chembe ameingiza jiwe la mpaka kwenye sehemu yake. Na kweli jiwe lilikuwa limeingia, kila mtu aliliona. Nikawaambia, jamani, ninyi ni ndugu, hasira hasara. Wapi! Sheria yetu ni kwamba sehemu yenye ugomvi inarudi kwenye kamati, ili watu wasiuane. Na sasa, ona."

"Kamati ni akina nani?"

"Kamati," alisema Mwenyekiti, akikohoa kidogo, "kwa sasa ni mimi."

Inspekta alimshukuru na kutoka. Nje, Koplo alimsogelea. Koplo alikuwa kijana wa maungo makubwa na mtazamo mfupi, na tayari alikuwa na mshukiwa wake wa moyoni.

"Afande, mimi nasema ni mnunuzi. Wiki iliyopita Chembe alimwambia mbele ya watu kwamba mizani yake inasinzia. Mtu akidharauliwa mizani yake, anaweza kuua."

"Mnunuzi alifika saa ngapi siku hiyo?"

"Wanasema mchana. Gari lake lilizama kwenye tope la mtaro hapo chini, ikabidi watu wote walisukume. Akatoka amepakaa tope mpaka kwenye nyusi. Walicheka mpaka basi."

"Na baada ya hapo?"

"Akakaa kwenye mizani." Koplo alikuna kidevu. "Hakunyanyuka. Lo. Basi si yeye."

"Tunza wazo lako. Huenda tukalihitaji tena."

*

Mtu pekee ambaye hakunyamaza Inspekta alipofika alikuwa Mama Chai. Huyo hakuwahi kunyamaza tangu azaliwe, na hakuona kwa nini aanze kwa ajili ya polisi. Kibanda chake kilikuwa njia panda, na kila aliyepanda malundoni alipita mbele ya birika lake.

"Keti, Afande. Chai haina kesi. Unataka kuniuliza kama nilimwona Chembe? Nilimwona. Kutwa nzima nilimwona kule juu, mpaka tuliposhuka kwenye mizani."

"Akifanya nini?"

"Alikuwa kwenye karai la mwisho."

"Karai la mwisho ni nini?"

Mama Chai alimtazama kwa huruma, kama mtu aliyeulizwa maji ni nini.

"Unaosha mchanga mchana kutwa mtaroni, si ndiyo? Mwisho unabaki na mchanga mweusi kidogo kwenye karai. Humo ndimo kulipo riziki yako au hamna. Basi unakwenda kukaa peke yako, unazungusha karai polepole. Mtu akiwa hapo hasalimiwi, haitwi, hasogelewi. Hata nyumba yako ikiungua wanasubiri umalize."

"Kwa sababu ya bahati?"

"Wengine wanasema bahati. Mimi nasema aibu." Alimimina chai. "Ukikuta hamna kitu, Afande, hutaki mtu akuone uso. Unataka dakika zako za kuupanga upya. Kwa hiyo tunaachiana. Na Chembe ndiyo usiseme, huyo angeweza kukaa na karai lake asubuhi mpaka jioni."

"Na anayevunja mwiko?"

"Mwenyekiti anamtoza faini. Alimtoza hata mama mkwe wangu, alikuja mgeni, maskini, akasema tu hamjambo."

Kikombe cha Inspekta kilibaki hewani kidogo, kisha akakiweka chini bila kunywa.

"Siku ile, wewe uliuona uso wa Chembe?"

"Uso? Anakaa ametupa mgongo, kofia imemfunika. Nani angeona uso?"

"Kuna yeyote aliyeuona?"

Mama Chai alifungua mdomo, akaufunga. Kwa mtu kama yeye hilo lilikuwa jambo kubwa.

"Sijui," alisema. "Sote tulimwona, lakini... sijui, Afande."

"Na mlipomteremsha, mwili ulikuwaje?"

"Usinikumbushe. Tulimlaza kwenye mlango wa mbao ili tumbebe, hakulazika. Magoti yamekunjika, mikono imekunjika hivi. Tulimteremsha amekaa, mvua inampiga, kama mtu aliyepanda gari. Wanawake walikimbia. Mimi sikukimbia, nilishika upande wa miguu."

"Alikuwa mgumu hivyohivyo mvua ilipoanza tu?"

"Mgumu kama ubao."

*

Sehemu ya Chembe ilikuwa mwisho wa njia, chini ya lundo la kale kuliko yote. Alikuwa amechimba kiti ardhini, shimo linalomkaba mtu kiunoni, lenye egemeo la mchanga uliokandwa mpaka ukawa kama udongo wa kufinyangia. Mbele yake karai lilikuwa limekaa juu ya debe, limejaa maji ya mvua. Juu ya kiti ulisimama mwavuli mkubwa uliofifia rangi, mti wake wa chuma umechomekwa kwenye shimo ardhini. Mkuu wa kituo alikuwa ameagiza kisiguswe kitu, na safari hii agizo lake lilikuwa limesikilizwa.

"Tafuta jiwe la mpaka," Inspekta alimwambia Koplo. "Kisha nenda zahanati ukamuulize nesi kuhusu mguu wa yule mama. Na upite mochwari, uziangalie nguo za marehemu vizuri, mbele na nyuma."

"Na wewe, Afande?"

"Mimi nakaa."

Akavua koti, akaingia kwenye kiti cha marehemu. Kilikuwa kiti kizuri. Mchanga ulimshika kiunoni na mgongoni, magoti yakagusa debe, na akaona kwamba mtu akiishiwa nguvu humo hawezi kuanguka. Atainama tu mbele, kidevu kifuani, na karai litamzuia. Kivuli cha mwavuli kilimfunika vyema. Aliinamia maji ya karai na kusubiri.

Watu walipita nyuma yake. Alisikia miguu, ndoo, kikohozi, mwanamke akimcheka mumewe kwa sauti ya chini. Kila miguu ilipomkaribia ilipunguza mwendo na kukaa kimya, kisha ikaongeza mwendo tena ilipokwisha mpita. Hakuna aliyesema neno. Mwanzoni aliona ni adabu. Baadaye ikaanza kumlemea. Alikuwa amekaa katikati ya watu, anasikia hata mtu akijikuna, na kama moyo wake ungesimama pale hakuna ambaye angejua. Alifikiria chumba chake cha kupanga nyuma ya kituo, na simu ambayo tangu Jumapili ilikuwa imelia kwa mambo ya kazi tu. Ilikuwa fikra ya kijinga, akaiacha.

Jua lilipanda. Lilifika utosini, likavuka. Mwanga ukaanza kumlamba shavu, halafu jicho, halafu uso mzima. Akasogea, likamfuata. Alinyanyua kichwa ili atafute kivuli, na hapo ndipo alipoona.

Malundo yote yalikuwa yakihama. Mmoja baada ya mwingine, watu walisimama kwenye sehemu zao, waking'oa miavuli yao na kuichomeka upande wa pili. Hakuna aliyefikiri; walifanya kama mtu anayejigeuza usingizini. Kila sehemu ilikuwa na mashimo mawili, la asubuhi na la alasiri. Hata Chembe alikuwa nayo. Shimo lake la alasiri lilikuwa pale, mdomo wake umelainishwa na matumizi ya miaka mingi, limejaa maji ya mvua, halina mwavuli.

Mwavuli wa Chembe ulikuwa bado upande wa asubuhi.

Mvua ilinyesha jioni. Mtu aliye hai angekaa alasiri nzima, jua likimchoma machoni, na kivuli chake kiko kulia kwake anakitazama? Siku moja tu Inspekta alikuwa amekaa humo, na dakika chache zilimtosha.

"Afande!" Koplo alikuwa akihema njiani. "Nimekutafuta weee. Nimewauliza hao watu mpelelezi yuko wapi, wananiambia, yule pale, anafanya kazi. Wamekuona tangu asubuhi!"

"Najua. Nesi?"

"Mama alikuwa zahanati tangu inafunguliwa. Alitoka alasiri, mguu una bandeji mpya."

"Nguo?"

"Fulana ya marehemu kifuani ina chokaa. Imegandamana, kama mtu aliyekumbatia ukuta. Nilidhani ni majivu, nikanusa. Chokaa."

"Na jiwe?"

Jiwe lilikuwa hapo karibu, kubwa kama gunia la unga, jeupe, limesimama wima. Lakini hatua kadhaa kuingia sehemu ya shemeji kulikuwa na shimo jingine, la mviringo, lenye utepe wa chokaa ukingoni. Inspekta alichuchumaa. Jioni ya ugomvi jiwe lilikuwa limeingia kwa shemeji. Kila mtu aliliona, hata Mwenyekiti alisema hivyo. Leo lilikuwa limerudi mahali pake pa zamani. Shemeji, kwa mguu ule wa bandeji, asingeweza kulirudisha. Akapitisha kidole juu ya jiwe. Chokaa ikatoka, ikabaki kidoleni. Chokaa ya zamani haitoki hivyo. Hii ilikuwa imepakwa juzijuzi, na mtu aliyetaka michubuko ya kuhamishwa isionekane. Nyuma ya jiwe, upande ambao mvua haikupiga, chokaa ilikuwa na doa la kahawia.

"Koplo, nyanyua hili jiwe."

Koplo alikunja mikono ya shati, akalikumbatia, akalitikisa, uso ukamvimba. Akaliacha.

"Hili ni la watu wawili, Afande. Au toroli."

*

Mwenyekiti alikuwa akifunga ofisi. Aliwaona, akafungua tena, akatabasamu.

"Mmepata chochote?"

"Kidogo." Inspekta alikaa kwenye kile kiti kilichofutwa. "Nisaidie hapa. Mtu akiwa kwenye karai la mwisho hasalimiwi, sivyo?"

"Ndiyo mila yetu."

"Wewe ndiye unayetoza faini."

"Ni lazima pawe na utaratibu."

"Halafu juzi mchana, wewe mwenyewe ukamsalimia Chembe."

Tabasamu lilibaki mahali pake, lakini macho yaliondoka.

"Mimi ni Mwenyekiti. Nina ruhusa ya..."

"Na aliitika?"

"Aliitika. Nimekwisha sema. Alisema leo kuna dalili njema."

"Jua likiwa wapi?"

"Utosini. Limeanza kuvuka."

"Basi alikuwa amehamisha mwavuli?"

Mwenyekiti alimtazama. 

"Sikumbuki mambo ya mwavuli."

"Mimi nimekaa pale leo. Mwavuli uko kwenye shimo la asubuhi. Watu waliombeba wanasema alikuwa mgumu kama ubao, na mtu hawi mgumu hivyo mara tu akifa. Chembe alikufa asubuhi, Mwenyekiti, kabla nyie wote hamjanywa chai. Watu wote hapa wameniambia walimwona mgongo. Hakuna aliyeniambia alisikia sauti yake. Wewe peke yako ndiye uliyezungumza na maiti, ikakujibu."

"Labda nimechanganya siku."

"Labda. Na chokaa je? Jiwe limepakwa upya. Chokaa hapa ni ya nani?"

Koplo alikuwa tayari amesimama kando ya ndoo. Alishika mpini wa toroli, akaligeuza kidogo kuelekea mwanga. Ndani ya sinia lake kulikuwa na mkwaruzo mpana mweupe.

Njia ya mwongo ni fupi, na Mwenyekiti alikuwa amefika mwisho wake. Alikaa kwenye benchi la wageni wake, mikono kati ya magoti.

"Nilimsukuma tu," alisema.

"Endelea."

"Jiwe nililihamisha mimi. Asubuhi nikakuta amelirudisha. Sijui alilibebaje. Alikuwa amelikumbatia, anahema. Akaniambia, hii chokaa bado inanuka, Mwenyekiti, na ndoo unayo wewe. Akasema leo kwenye mizani, mbele ya watu wote, atasema nani aliyemgombanisha na shemeji yake. Nikamwambia tuyamalize. Akanipa mgongo, anataka kuondoka. Nikamvuta begani, nikamsukuma. Akaangukia kisogo pale kwenye jiwe." Aliinua uso. "Lile lundo ni la kale, Inspekta. Kuna watu wako tayari kulichukua lote na mashine, ila hawataki sehemu zenye wenyewe. Nilikuwa nataka ugomvi mdogo tu."

"Ukamweka kwenye kiti."

"Nikamweka kwenye kiti. Nikamvisha kofia, nikamchomekea mwavuli, kama anavyofanya mwenyewe. Nilijua hakuna atakayemsemesha."

"Na yule mama ulipoona anakamatwa?"

Mwenyekiti aliitazama ndoo ya chokaa. Koplo alitoa pingu.

*

Inspekta alifungua mlango wa mahabusu kwa mkono wake. Taa ya koridoni ilikuwa ndiyo kwanza imewashwa. Shemeji alikuwa palepale alipomwacha, na chakula chake hakijaguswa.

"Simama, mama. Unakwenda nyumbani."

Hakusimama. Ilibidi Inspekta achuchumae mbele yake na kumweleza polepole: Mwenyekiti, chokaa, toroli, kila kitu. Mwanamke alisikiliza kama anayesimuliwa habari za jirani.

"Ulisema uliongea naye," Inspekta alimalizia. "Hukutaka kusema ulimwambia nini."

"Nilimwomba msamaha." Sauti yake ilikuwa ndogo. "Najua ni mwiko. Nilisubiri watu wote washuke, nikakaa nyuma yake. Nikamwambia lile neno lilitoka kwa hasira, shemeji, silo la moyoni. Nikamwambia tangu kaka yako afe ni wewe peke yako unayejua ninavyokaa. Nikamwambia chukua sehemu yote, sitaki mchanga, nataka ugeuke tu, hata unitukane. Niliongea mpaka nikachoka. Hakugeuka. Nikasema basi, amenikatalia. Mvua ikaja, nikamshika bega nimwambie inuka tukimbie..."



"Hakukukatalia," alisema Inspekta. "Alikuwa amekufa tangu asubuhi."

Shemeji alimgeukia.

"Kwa hiyo hakusikia."

"Hakusikia."

"Hata neno moja?"

 Inspekta akakaa kwenye sakafu karibu naye, wakaegemea ukuta mmoja.

"Jiwe limerudi mahali pake," alisema. "Alikuja asubuhi na mapema akaona wewe ndiye ulikuwa na haki. Hakusubiri umwombe chochote. Alilirudisha kabla jua halijapanda, na alikuwa akisubiri watu wakusanyike aseme mbele yao wote. Chokaa iko kwenye fulana yake, hapa kifuani."

"Alilibeba na nani?"

"Peke yake."

"Haiwezekani. Lile jiwe tulilisimika watatu, yeye na kaka yake na mimi. Na ule mgongo wake, hawezi hata ndoo."

"Peke yake, mama."

Hapo ndipo mwanamke alipoanza kulia, kwa sauti, bila kujifunika uso, mpaka askari wa zamu akaja kuchungulia na Inspekta akampungia mkono aondoke.

"Si angeniita," alisema shemeji. "Mimi si nilikuwa hapo jirani tu? Si angeniita, tukalibeba wote."